Dawa ya Ng'ombe

Wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani
3 Juni

Mume wangu,

Usishtuke kuona barua imetoka hospitali. Ninakaa, ninakula, na mtoto anarusha mateke kama kawaida yake, hasa nikitaka kulala. Jana nilikuwa stoo ya shule napanga madaftari, nikahisi maji ya moto yanashuka miguuni. Kutazama, damu. Mwalimu mkuu alinileta kwa gari lake mwenyewe, maskini, akiangalia kila mahali isipokuwa kiti nilichokalia.

Damu imepungua, ila tumbo linakaza na kuachia. Daktari hapa ni mwanamke, hana maneno mengi. Anasema mtoto anaweza kuja wakati wowote, na mimba ndiyo kwanza imepita miezi sita. Mapafu yake bado. Anataka nichomwe sindano za kuyakomaza, asubuhi na jioni kwa siku mbili, ili akitoka aweze kuvuta pumzi. Anasema dawa hiyo inataka muda, si ya kusubiri mtoto awe mlangoni. Na amesema wazi kwamba haiahidi kitu: inaweza kumwokoa, inaweza isitoshe.

Nikamwambia ngoja nimuulize mume wangu. Nesi akacheka, "Kwani mumeo ndiye mwenye mapafu?" Wewe na mimi tunajua tulikubaliana nini baada ya kumpoteza mtoto wetu wa kwanza, kwamba hakuna dawa itakayoingia mwilini mwangu wewe huna habari. Zile tembe za mgongo nilizonunua bila kukuambia zimenitosha. Sitaki kurudi kule.

Nimemwomba nesi anitajie jina la dawa, amenitajia polepole nikaandika: deksamethasoni. Watu wote huko wanakuita Sindano, sasa hii si itakuwa unaijua? Nijibu haraka kwa dereva wa lori la pumba. Simu najua haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji.

Mkeo


Ranchi, ofisi ya mifugo
5 Juni

Mke wangu,

Usikubali! Nalitanguliza hilo, salamu zitafuata.

Hiyo dawa naijua vizuri sana. Iko kabatini mwangu hapa ninapoandika, naiona chupa yake. Ng'ombe mwenye mimba kubwa ukimchoma hiyo, siku mbili tatu anazaa, atake asitake. Ndiyo tunayoitumia ndama akiwa amepitiliza siku tumboni. Na mwaka juzi mwenzangu mmoja alimchoma mtamba, ng'ombe asiyezaa bado, aliyevimba goti, hakuuliza kama ana mimba. Mtamba akatupa mimba. Nilimwokota mwenyewe yule ndama kwenye nyasi, hana hata manyoya, nikamfukia kabla bosi hajaamka. Sasa wewe tumbo linakaza, halafu mtu anataka kukuchoma dawa ya kulifungua? Huyo daktari kasomea wapi? Au wanajifunzia kwa wake za watu?

Ningekuja leo hii kwa miguu nisimame kando ya kitanda chako nimuulize mbele yako. Lakini tumefungiwa. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia zizi la juu, hatoki ng'ombe wala mtu, na anayesimamia amri getini ni mimi mwenyewe. Nikitoka mimi, nani atabaki ndani? Barua zinapuliziwa dawa kabla ya kupita, ndiyo maana hii inanuka.

Lala chali, usinyanyue hata kikombe, waombe dripu na dawa za kutuliza tumbo, basi. Wakikusumbua, waambie mume wangu ni bwana mifugo na amekataa.

Nakupenda, mwanamke mbishi wewe. Safari hii tusikosee.

Mumeo, Sindano


Wodini
7 Juni

Mume wangu,

Barua nimeipata, na harufu yake pia, mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akauliza kama nimeogeshwa na dawa ya kupe.

Nimekusikia. Nimemwambia daktari kwamba mume wangu amekataa. Amenuna kidogo, kisha akaenda kwa wagonjwa wengine. Tumbo limetulia. Usiwe na wasiwasi, angalia ng'ombe wako.

Mkeo


Wodini
7 Juni

Dada yangu,

Nimetoka kumwandikia shemeji yako uongo, na wino haujakauka nakuandikia wewe ukweli, maana nisipomwambia mtu nitapasuka.

Siku ile ile niliyomuuliza habari za sindano, barua haijafika hata njia kuu, damu ilirudi. Shuka lote. Daktari akaja akakaa kitandani kwangu, na wewe unajua madaktari hawakai. Akasema, "Mama, mumeo ana muda wa kufikiri. Sijui kama mtoto anao." Dada, niligeuka mwenyewe nikampa nesi paja. Hakunishika mtu. Nimechomwa zote, zimekwisha, na tumbo badala ya kufunguka likatulia.

Ndipo ikaja barua ya shemeji yako. Eti hiyo ni dawa ya kuzalisha ng'ombe! Nikampelekea daktari. Hakucheka, nakuapia. Akasema, "Mumeo anasema kweli. Kwa ng'ombe ni hivyo. Kwa mwanamke haifanyi hivyo." Akanieleza vizuri nikaelewa.

Utasema basi mwandikie umweleze. Nimweleze nani? Yeye amemwona yule ndama kwa macho yake, daktari hajamwona. Mtoto akikaa salama, nitamwambia siku moja tutacheka. Lakini akitoka na kufa, na yeye anajua nilichomwa, itakuwa mara ya pili mimi na dawa zangu. Hukuwahi kukaa naye nyumbani, hujui. Hajawahi kunigombeza kwa ajili ya yule wa kwanza hata siku moja. Ananisamehe tu. Ananisamehe asubuhi akinimiminia chai, ananisamehe nikiumwa kichwa nikaogopa kumeza dawa mbele yake. Miaka miwili nasamehewa, Dada. Nimechoka nayo, ya pili siiwezi.

Mdogo wako


Kibandani kwa cherehani
9 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza nimecheka, halafu nikalia, halafu nikashona mkono wa shati la mteja kwenye kola. Ndivyo ulivyonifanyia asubuhi ya leo.

Huyo bwana wako hana ubaya, ila kichwa chake kimejaa kwato. Wewe ng'ombe? Una mkia? Tangu lini? Mwanaume anajua sehemu ya juu ya kitu anadhani amejua mpaka chini, halafu anatoa amri kutoka getini! Ulifanya vema. Laiti ningekuwepo, ningekugeuza mimi mwenyewe hilo paja.

Sasa nisikilize mkubwa wako. Funga mdomo. Tena ufunge haswa. Mtoto akishapakatwa na baba yake, akamkojolea shati, hapo mwambie lolote, atakubali. Kwa sasa usimtie mtu presha aliyefungiwa na ng'ombe wagonjwa.

Nakuja wiki hii nikimaliza sare za shule. Nakuletea mashuka, ya huko nayajua, yamechakaa hata kabla ya kuletwa wodini.

Dada yako, Fundi


Nyumbani
16 Juni

Mume wangu,

Sina njia nzuri ya kuandika hili, kwa hiyo naandika tu.

Mtoto alizaliwa tarehe 10, adhuhuri. Msichana. Alifariki tarehe 13 asubuhi, jua limejaa wodini, wanawake wengine wanakunywa uji.

Alilia alipotoka. Kilio chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini alilia, na wodi nzima ilisikia. Manesi walimwita Mgeni. Walinifunga naye kifuani, ngozi kwa ngozi, na mpira wa hewa puani mwake. Mkono wake ulikuwa unashika ncha ya kidole changu cha mwisho na hauimalizi. Siku ya kwanza na ya pili alikuwa vizuri, tulikuwa tunampa maziwa tone kwa tone. Ya tatu akapata homa, akaanza kusahau kupumua. Nesi akimgusa unyayo, anakumbuka. Kisha akaguswa, hakukumbuka.

Daktari amesema alikuwa mdogo mno. Dada alikuwepo, yeye na shangazi yako ndio walionisaidia kumzika. Najua usingeweza kuja. Usijilaumu kwa hilo.

Sijui niandike nini tena.

Mkeo


Ranchi
21 Juni

Mke wangu,

Barua yako nilikabidhiwa getini, nikaiweka mfukoni bila kuifungua, nikaendelea kukagua midomo ya ng'ombe mpaka jioni. Nadhani nilijua.

Sasa kuna jambo lazima nikuambie na sina haki ya kukuomba unisikilize. Daktari wa mifugo amefungiwa hapa pamoja nasi. Aliniona nimekaa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe peke yangu, akaja. Nikamwambia yote, na ya sindano nikamwambia, nikitegemea atasema ulifanya vizuri. Akaniuliza, "Ulimwambia mkeo akatae?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia. Akasema kwa binadamu haitupi mimba. Akasema hata kwa ndama, dawa ile ile ndiyo inayomkomaza mapafu akapumua. Nimeitumia miaka yote hii! Nimewaona ndama wakisimama na kupumua, nikadhani ni kazi ya Mungu na mikono yangu.

Kwa hiyo ni mimi. Daktari wako alitaka kumpa mwanangu pumzi, nikamnyang'anya kwa kalamu. Unaandika alisahau kupumua. Hakusahau, mke wangu. Hakufundishwa, kwa sababu baba yake alikataa.

Nimekabidhi mkoba wa kazi. Sishiki tena bomba la sindano. Wakiniita kwa jina lile nageuka naenda zangu. Nafagia ofisi na kuandika majina ya magari getini. Chakula nakitazama tu.

Wewe hujasema neno hata moja la kunilaumu. Naomba useme. Andika tu, "Ni wewe." Nitavumilia hilo kuliko huu ukimya wako.

Mumeo


Nyumbani
25 Juni

Dada,

Soma hiyo barua yake niliyoiambatanisha, kisha unirudishie.

Nakuambia kitu, ukitaka nichukie. Nilipoisoma mara ya kwanza, nilifurahi. Sikufurahi kwamba anaumia, hapana, au labda ndiyo, sijui. Nilifurahi kwamba leo ni yeye. Kwamba kuna mtu mwingine nyumbani humu anayejua kulala na kitu kama hicho. Nikajipikia, nikala, mara ya kwanza tangu tumzike Mgeni. Nikajisemea, acha akae nayo kidogo. Mimi nimekaa nayo miaka miwili, na yeye hata wiki haijaisha.

Halafu jana nikajikuta kalamu mkononi nimeandika, "Ni wewe." Nimeandika kweli, Dada, na jina lake juu. Nimeichana, lakini mkono uliandika.

Nifanye nini? Nikimwambia ukweli, atajua nilivunja ahadi yetu, tena nikamdanganya, tena nikamwacha ajiite muuaji huku najua. Nikinyamaza, ataishi nayo mpaka azeeke, na mimi nitamsamehe kila asubuhi nikimmiminia chai.

Mdogo wako


Kibandani
28 Juni

Mdogo wangu,

Mwambie.

Mimi ndiye niliyekuambia ufunge mdomo, na ulikuwa ushauri wa kijinga. Nilidhani mtoto atapona. Nilikosea, basi, tusiremberembe.

Dereva wa pumba alipita hapa kushonesha suruali. Anasema shemeji amekonda mpaka mkanda umeongezwa matundu, na hataki kulala ndani, analala kwenye banda la ndama. Nilimchukia siku ile ya barua ya ng'ombe, nisikufiche. Sasa hivi siwezi. Mtu anakula moyo wake kwa kosa ambalo halikutokea, na wanaojua kwamba halikutokea ni wewe, mimi na manesi! Tukinyamaza mimi na wewe tumekuwa watu gani?

Na hiyo furaha yako nimeielewa, usifikiri sikuielewa. Ila ukiilea itakuoza. Mwandikie leo, kabla hujaanza kutafuta maneno matamu.

Dada yako


Nyumbani
1 Julai

Mume wangu,

Si wewe.

Nilichomwa. Nilichomwa zote, kuanzia siku ile ile niliyokuandikia kukuuliza. Damu ilirudi, daktari akasema hatuna muda, nikakubali peke yangu. Barua yako ya kukataa iliponifikia, dawa ilikuwa imeshaingia yote. Nikakuandikia kwamba nimekataa kwa sababu niliogopa. Sikumwogopa daktari wala ng'ombe wako. Nilikuogopa wewe na ule upole wako.

Mtoto alipata kila kilichokuwepo cha kumpa. Daktari aliniambia mapafu yake yalishika, yalishika kuliko walivyotegemea, ndiyo maana alilia. Kilichomwondoa ni maambukizi kwenye damu. Walimpa dawa, hazikumwahi. Haikuwa kukosa sindano, wala haikuwa sindano. Nimemuuliza mara tatu, mara ya tatu akanishika mkono.

Haya, hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi. Ulipoandika kwamba ni wewe uliyemuua, mimi nilijua si kweli, na nikakuacha. Nilikuacha makusudi. Nilitaka uonje. Tangu tumpoteze yule wa kwanza unaniangalia kama mtu aliyevunja chombo cha watu na wenyewe wakaamua kutodai. Hujawahi kuuliza mtu yeyote kama zile tembe za mgongo zingeweza kufanya lile. Mimi nimeuliza, juzi juzi, kwa daktari huyu huyu. Amesema tembe zile hazikuwa na uhusiano wowote. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikalipita duka la jirani na kwetu bila kuliona.

Nimekudanganya, nimevunja tuliyokubaliana, na ningerudishwa siku ile ningegeuka tena nimpe nesi paja. Sasa unajua vyote. Fanya unavyoona.

Mkeo


Ranchi
6 Julai

Mke wangu,

Nimeisoma getini nimesimama, karatasi bado mbichi kwa dawa ya kupuliza. Kwanza nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Kumbe si mimi," mpaka mlinzi akageuka. Nikaenda nikala sahani mbili.

Kesho yake hasira ikanijia. Siku zote zile nalala na ndama, wewe unajua! Nikaandika barua ya matusi, ndefu. Nimeichoma. Ilikuwa na maneno ambayo mtu akishayasoma hayatoki.

Baadaye nikakaa nikafikiri kitu kimoja, na hicho ndicho kilichonikalisha mpaka leo bila kukujibu. Ningekuwa pale je? Bila karantini, pale kando ya kitanda chako? Ningemshika nesi mkono. Unanijua. Ningesimama katikati ya wodi nikasimulia habari za mtamba kwa sauti yangu hii, wodi nzima wakaamini, na wewe ungeninyamazia kama unavyoninyamazia. Mtoto angetoka na mapafu yale mabichi, asingelia. Kile kilio alikipata kwa sababu mimi nilikuwa mbali na wewe ulikaidi. Kwangu mimi hakupata chochote. Unaniambia sikumuua. Nashukuru. Lakini nilikuwa nimeshaamua, barua ndiyo iliyochelewa.

Na yule wa kwanza. Miaka miwili nimekusamehe kosa ambalo sikuwahi hata kuuliza kama lipo. Nafanya kazi ya kuuliza ng'ombe anaumwa nini kabla ya kumtibu, na wewe sikukuuliza. Sasa ningesema samahani, lakini hilo neno nimelichezea sana nyumbani kwetu, naona aibu kulitoa.

Watu tumeruhusiwa kutoka kuanzia Jumatatu. Nakuja na lori la pumba. Usipike, usifagie, usivae vizuri. Nipeleke alipolala. Halafu tukirudi, tukishakaa, niigizie alivyolia. Najua ninachokuomba ni kigumu. Ukishindwa nitaelewa, nitamwomba dada yako, au nitakwenda wodini nimwombe nesi aliyecheka. Wodi nzima ilimsikia, na mimi ni baba yake.

Mumeo